Mzee yuko kitandani au ameshainuka? Rada, mkeka na mizani bega kwa bega

Anayetafuta kifaa cha kumjulisha kama mtu yuko kitandani mara nyingi huanza na bei, na swali la anataka kujua nini hasa huja mwisho. Ni afadhali lije mwanzo. Yupo anayetaka taa za chumba zisiwake mtu akiwa amelala. Yupo anayetaka kujua amelala saa ngapi na ameamka mara ngapi. Na yupo mwenye mzazi wa miaka 80 chumba cha pili, anayeinuka saa nane usiku kwenda chooni, gizani, bila kumwita mtu. Ninamwandikia huyu wa tatu, kwa sababu kwake kifaa kikikosea kuna mtu anaweza kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na waliovuka miaka 60 ndio wengi zaidi kati yao.

Kabla ya kifaa chochote, kuna utafiti ambao muuzaji wa kengele za kitanda hatakutajia. Ulichapishwa mwaka 2012, ukiwa umefanyika katika wodi 16 za hospitali moja ya Marekani zenye wagonjwa zaidi ya 27,000. Wodi zilizohamasishwa kutumia kengele za kitanda zilizitumia kweli zaidi ya zile nyingine, lakini idadi ya walioanguka haikupungua kwa kiwango cha maana. Hili halinishangazi. Kengele ikilia, hadi mtu aamke, avae ndara na afungue mlango, mzee ameshasimama na ameshapiga hatua tatu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kihisi iwe kuwasha taa laini ya njia ya chooni, papo hapo, bila kumsubiri binadamu. Kumwita binadamu ni kazi ya pili. Ukilikubali hilo, vipimo vya kulinganishia vinabaki viwili: kifaa kinatambua upesi kiasi gani kwamba mtu anainuka, na kinadanganyika mara ngapi.

Vile ambavyo havitoshi peke yake

Kihisi cha mwendo cha kawaida, kama HC-SR501 chenye kuba jeupe, ni rahisi kupata Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, na bei yake ni ndogo. Kinahisi joto linalohama kutoka eneo moja kwenda jingine mbele yake. Mtu aliyelala hahami. Baada ya dakika chache kitakwambia chumba hakina mtu, naye yupo anakoroma. Lakini usikitupe: kiweke uvunguni, kielekezwe sakafuni upande anaoshukia mzee, nacho kitaona miguu mara tu inapogusa chini. Kwa kuwasha taa hakuna kitu rahisi zaidi ya hicho. Hakijui kama yuko kitandani, kinajua tu kwamba ameshuka.

Vihisi vya picha ya joto, kama AMG8833 chenye nukta 64 au MLX90640 chenye nukta 768, vinasifiwa sana na watu wa nchi za baridi, na sifa hizo ni za haki huko kwao. Chumba chenye nyuzi 18 na mwili wenye ngozi ya nyuzi 33 vinatofautiana wazi. Dar es Salaam mwezi wa pili, chumba kina nyuzi 29 au 30 usiku, ukuta umekunywa jua tangu mchana, na tofauti hiyo inabaki nyuzi chache tu. Kuna jambo jingine: godoro la sponji hutunza joto. Mtu akiinuka, doa lake la joto linabaki pale kwa muda, na kihisi kinaendelea kuamini kwamba amelala. Kwa Pwani mimi siwapendekezei watu kihisi hiki. Arusha, Mbeya au Limuru majira ya baridi, kijaribu.

Kamera siizungumzii sana. Mzee anayelala na kanga moja kwa sababu ya joto ana haki ya kutopigwa picha kitandani mwake, na swali letu ni la ndiyo au hapana. Halihitaji picha.

Rada: inaona mengi, hata usiyoyataka

Miaka ya karibuni bodi ndogo za rada zimeshuka bei hadi dola chache, na inayojulikana zaidi ni LD2410 ya kampuni ya Hi-Link. Inatuma mawimbi ya gigahezi 24 na kusoma yanayorudi, kwa hiyo inaweza kuhisi hata kifua kinachopanda na kushuka kwa pumzi. Chandarua hakiizuii. Plastiki na mbao nyembamba inapenya. Hakuna kinachomgusa mzee, hakuna waya kitandani, na ukiibandika ukutani mchagoni kazi ya kufunga imekwisha. Ndiyo maana watu wengi huanza nayo, na ninawaelewa.

Shida zinaanza usiku wa kwanza. Pangaboi likizunguka ni mwendo. Chandarua kinachopepeshwa na pangaboi ni mwendo. Pazia la dirisha lililo wazi nalo ni mwendo. LD2410 hugawa umbali katika hatua za sentimita 75, na kila hatua unaweza kuipangia unyeti wake, wa mtu anayesogea na wa mtu aliyetulia. Hiyo ndiyo silaha yako: funga hatua zote zilizo ng'ambo ya kitanda, zima au punguza ile inayoangukia kwenye pangaboi, ubaki na mbili au tatu tu zinazomhusu mlalaji. Inachukua muda, na inabidi uifanye pangaboi likiwa linazunguka, kwa sababu vipimo vya chumba kilichotulia havikusaidii kitu. Ukuta mwembamba wa ubao au jipsamu pia hauizuii, kwa hiyo anayelala upande wa pili anaweza kuhesabiwa kuwa yuko kitandani kwa mama. Ukuta wa tofali za saruji unasaidia zaidi.

Yote hayo yanaweza kurekebishwa. Lisilorekebishika ni hili: rada ya aina hii hupima umbali, haijui godoro liko wapi. Mzee aliyeanguka akalala sakafuni kando ya kitanda yuko umbali uleule, anapumua vilevile, na rada inaripoti kwamba yupo. Yaani inakosea katika saa ileile uliyoinunulia. LD2450, ambayo hufuatilia hadi watu watatu na kutoa mahali walipo kwa ramani ya pande mbili, ni bora kidogo, lakini nayo haimpimi mtu yuko juu kiasi gani kutoka sakafuni. Kwa kijana anayetaka taa zisimsumbue akisoma kitandani, rada inatosha kabisa. Kwa mzee, iwe msaidizi tu.

Mkeka wa shinikizo

Hiki ndicho kifaa cha zamani na cha wazi kuliko vyote. Ndani kuna tabaka mbili zinazopitisha umeme, zimetenganishwa na sponji yenye matundu. Mwili ukilala tabaka zinagusana, ukiinuka zinaachana. Vile vya kiwandani vya kuhudumia wagonjwa huja na waya unaoingia kwenye kisanduku chenye kengele, bila waifai, bila programu. Umeme ukikatika, betri zake zinaendelea. Kwa familia isiyo na mtu wa kuchezea bodi na waya, mimi huanza kuulizia huu.

Mahali unapouweka ndipo panapoamua tabia yake. Ukiuweka chini ya mabega, utajua mara tu mzee anapoinua kiwiliwili, kabla hajashusha miguu; lakini akigeuka ubavu au akijisogeza chini kidogo, kengele inalia bure. Ukiuweka chini ya nyonga, kelele za bure zinapungua, ila taarifa inakuja akiwa tayari anasimama. Nimeona watu wakiuhamisha kila siku wakitafuta mahali pasipokuwa na kasoro. Mahali hapo hakuna. Kwa mzee anayeinuka polepole, nyonga inatosha. Kwa anayekurupuka, weka mabegani na uzivumilie kelele.

Mkeka ulio juu ya godoro, chini ya shuka, unamtoa mtu jasho na unahisika mgongoni. Kama mzee hawezi kujizuia haja ndogo, lazima uwe na ganda lisilopitisha maji na linalofutika. Pia unachoka: tabaka hubonyea mahali pamoja kila usiku, na ndiyo sababu watengenezaji wengi huuandikia muda wa matumizi. Muda huo ukifika ubadilishe hata kama bado unalia, kwa sababu ukishachoka unaweza kubaki umegusana na kuripoti kitandani kuna mtu usiku kucha.

Ndugu yake ni utepe wa kuhisi shinikizo, kama FSR 408 wenye urefu wa sentimita 60 hivi, unaowekwa chini ya godoro juu ya chaga. Ukinzani wake wa umeme hushuka kadiri unavyokandamizwa, kwa hiyo unakupa kiasi na si ndiyo au hapana tu. Mlalaji hahisi chochote. Hapa godoro ndilo lenye uamuzi: sponji nene na laini hutawanya uzito hadi utepe unaona tofauti ndogo mno. Lazima uulaze juu ya ubao ulionyooka, si kuunyoosha hewani kati ya chaga na chaga, na ni vizuri kuuwekea juu kipande chembamba cha mpira ili uzito uangukie juu yake. Tena usiutarajie uwe mizani. Ukikaa chini ya uzito saa nyingi, namba zake husogea zenyewe.

Utepe unafaa hasa mahali pamoja: kitanda cha tano kwa sita chenye watu wawili. Utepe mmoja kila upande, nawe unajua ni baba au mama aliyeinuka.

Kitanda cha kamba, wale wanaokiita teremka tukaze, hakifai kwa utepe hata kidogo. Hakuna ubao wa kuuegemeza, na kamba zinalegea kila wiki. Huko jibu liko chini, kwenye matendegu.

Mizani chini ya matendegu

Kwa kitanda kisichohamishwa, hiki ndicho ninachopendekeza kwanza. Hakikisii kwa pumzi wala kwa joto. Uzito ama upo ama haupo. Kiko mbali na jasho, mkojo na shuka za kufua. Mzee hakioni wala hakihisi.

Vifaa vyenyewe ni vihisi vinne bapa vya kilo 50 kila kimoja, vya aina ileile iliyomo ndani ya mizani za bafuni, na bodi ya HX711 inayogeuza volti ndogo mno za vihisi kuwa namba za biti 24, mara 10 au 80 kwa sekunde. Ongeza bodi ya ESP32 ya kupeleka namba hizo kwenye mtandao wa nyumbani. Vyote kwa pamoja ni bei ndogo kuliko godoro jipya, tena kwa mbali.

Hesabu ya kilo ndiyo inayowaponza wengi. Wanajumlisha: vihisi vinne vya kilo 50 ni 200, kitanda na godoro ni 80, mama ana 60, kwa hiyo tuko salama. Uzito haugawanyiki hivyo. Mfikirie mama ameketi kwenye kona ya kitanda anavaa ndara. Kila tendegu lilishabeba kilo 20 za kitanda, na sasa tendegu moja linaongezewa sehemu kubwa ya zile 60 zake. Kihisi cha kilo 50 kimeshapitwa. Kwa kitanda chepesi cha chuma cha mtu mmoja vinafaa. Kwa kitanda cha mninga au mkongo, tafuta vihisi vya kilo 100 au 200 kila tendegu, au utakuwa unanunua vipya kila baada ya muda.

Ufungaji nao una siri yake. Kihisi hiki hufanya kazi kwa kupinda. Kiunzi chake cha nje kikae juu ya kitu kigumu, na sehemu ya katikati iachiwe upenyo wa kushuka milimita moja au mbili. Fundi seremala akikuchongea vibao vinne vyenye kishimo katikati, kazi imekwisha. Ukikibandika moja kwa moja juu ya vigae, chuma kinagusa chini, hakipindi, na namba hazisogei hata akilala tembo. Waya zikunjwe juu ya tendegu, zisilale sakafuni, maana anayepiga deki hatazikumbuka.

Sasa jambo ambalo ningetamani kila anayefunga mizani hizi alijue. Usiziunganishe zote nne kwenye HX711 moja. Unganisha mbili za kulia kwenye bodi moja, mbili za kushoto kwenye nyingine. Mtu aliyelala katikati anasomeka pande zote mbili. Akiinuka na kuketi ukingoni, karibu uzito wote unahamia upande mmoja, huku sehemu kubwa ya jumla ikiwa bado ipo. Hiyo ndiyo taarifa ya mapema unayoitafuta: bado hajasimama, ana sekunde kadhaa za kukaa kabla hajaenda, na taa inaweza kuwaka pale pale. Rada haikupi hiyo kwa uhakika. Mkeka wa nyonga haukupi kabisa.

Weka vizingiti viwili, si kimoja. Kwa mtu wa kilo 60, hesabu kwamba amelala uzito ukipita 30 kwa sekunde tano, na kwamba ameondoka ukishuka chini ya 15 kwa sekunde moja. Pengo hilo katikati ndilo linalozuia kifaa kuyumba kila akijigeuza, na linafanya rundo la nguo zilizoanuliwa kamba lisihesabiwe kuwa mtu. Bibi akilala na mjukuu wa kilo 25, angalia kiasi kilichoshuka badala ya kilichobaki: zikipungua 60 ni bibi, zikipungua 25 ni mtoto.

Umeme ukikatika

Hapa nataka tusimame, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Mifano mingi ya programu za HX711 huamuru mizani ijipange upya kuwa sifuri kila inapowashwa. Umeme ukirudi saa tisa usiku na mama amelala, mizani inamhesabu yeye kuwa sehemu ya kitanda. Kuanzia hapo inaripoti kitanda kitupu akiwa amelala, na akiinuka inasoma hasi. Sifuri ihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya bodi mara moja, kitanda kikiwa kitupu. ESPHome, programu ya kuendeshea bodi kama ESP32, hukupa namba ghafi unazozipangia vipimo mwenyewe, kwa hiyo mtego huu unaukwepa tangu mwanzo.

Pawabenki ya mAh 10,000 inaweza kuiendesha ESP32 na mizani yake zaidi ya siku mbili. Ikiwa na rada muda unapungua sana. Jaribu kwanza, maana baadhi ya pawabenki hujizima zikiona umeme unaotumika ni mdogo. Ruta nayo iwe na betri yake, na amri ya kuwasha taa ipitie ndani ya nyumba, kwa Home Assistant (programu ya kuongoza vifaa vya nyumbani) au bodi yenyewe, isitegemee intaneti. Hapo ndipo mikeka ya usingizi ya madukani, kama Withings Sleep inayowekwa chini ya godoro, inaponishinda kuipendekeza kwa kazi hii. Ni mizuri kwa anayetaka kujua mapigo ya moyo na saa za usingizi. Lakini inahitaji soketi na waifai muda wote, na taarifa hupita kwanza kwenye seva za kampuni ndipo ikufikie wewe uliye chumba cha pili.

Kwa kitanda kipi, kipi

Kitanda cha chuma cha mtu mmoja, au cha kamba: mizani miguuni, kulia na kushoto mbalimbali. Kitanda kizito cha mbao: mizani zenye nguvu zaidi, na kama hazipatikani, utepe juu ya ubao chini ya godoro. Wawili kitanda kimoja: tepe mbili. Godoro chini sakafuni: mkeka, hakuna njia nyingine ya maana. Nyumba isiyo na mtu wa kurekebisha programu: mkeka wenye kengele yake, na kihisi cha mwendo uvunguni kinachowasha taa ya betri.

Popote unapoanzia, zungumza na mwenye kitanda kwanza. Mwambie: "Mama, tunataka ukiinuka taa iwake yenyewe." Wengi wanakubali taa mara moja, kinachowachukiza ni kengele inayoamsha nyumba nzima kwa sababu wao wanakwenda chooni.

Kisha ijaribu ukiwa wewe ndiye mlalaji. Lala bila kusogea kwa nusu saa pangaboi likizunguka. Geuka. Ketini ukingoni wawili. Acha rundo la nguo kitandani. Zima umeme ukiwa umelala, uwashe tena. Mwisho lala sakafuni kando ya kitanda, ukae hapo, uone kifaa kinasema nini. Kikisema kitanda ni kitupu, kipangie amri ya pili: usiku, kitanda kikiwa kitupu kwa dakika 15, simu yako iite kwa sauti ya juu.